Rangi Isiyoonekana



Wazee wetu wana methali isemayo: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aghlabu methali hii hupigiwa watu ambao sura zao ni njema na tabia zao ni kinyume chake. Leo, kwa idhini yenu, tutaipigia gari.

Gari katika kisiwa chetu cha Pemba si pambo. Mwenye gari ya abiria baina ya Chake Chake na Wete, mwenye kigari cha mizigo kichukuacho karafuu wakati wa msimu na samaki wa Wesha siku nyingine, na mwenye gari ndogo ya nyumbani ambayo usiku wa manane hugeuka kuwa gari ya mgonjwa, kila mmoja wao ameweka juu ya magurudumu manne riziki ya watoto wake na pengine roho ya jirani yake. Kwa hiyo kuitunza gari ni katika kuitunza neema, na kuiacha ikaoza hali uwezo wa kuizuia upo ni israfu.

Wengi wetu, gari ikichakaa, huitengeneza nyumbani chini ya mwembe, kwa mikono yetu wenyewe au kwa msaada wa fundi wa mtaani. Hapana ubaya katika hilo. Ubaya umo katika kudhani kwamba kazi ya rangi ni ile rangi ing'aayo. Rangi ing'aayo ni mwisho wa kazi. Kazi yenyewe ni ile rangi ya chini, ya kijivu au nyekundu kama udongo, ambayo mafundi huiita praima, na ambayo kazi ikikamilika haionekani tena na mtu yeyote.

PRAIMA NI KITU GANI?

Praima ni rangi yenye mikono miwili. Kwa mkono mmoja hulishika bati, na kwa mkono wa pili huishika rangi ya juu. Rangi ya juu imetengenezwa kwa ajili ya kung'aa na kustahimili jua. Haikutengenezwa kushikamana na chuma kitupu. Ukiipaka juu ya bati bila ya praima, itakaa siku chache kwa uzuri, kisha itaanza kubambuka kama ganda la muhogo uliochemshwa.

Viwandani jambo hili limepewa uzito mkubwa. Bodi ya gari, baada ya kuoshwa na kutiwa dawa, huzamishwa nzima katika birika la praima, na nguvu za umeme huivuta praima ile ikagande katika kila pembe na kila mkunjo. Njia hii ilianza kuingia katika viwanda vya gari katika miaka ya 1960, na kampuni ya Ford ya Marekani ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuitumia. Isitoshe, gari nyingi za miaka ya karibuni, bati lake limevikwa zinki ili kutu isilifikie.

Sisi tulio chini ya mwembe hatuna birika wala umeme wa namna hiyo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: praima ya kiwandani iliyo nzima, usiiondoe. Ikwaruze kidogo kwa msasa ili rangi mpya ipate mahali pa kushika, basi. Kulivua bati nguo yake yote kwa ajili ya doa moja ni kujitafutia kazi na kulitafutia bati maradhi.

KWA NINI BATI LETU HULIKA UPESI

Kutu huzaliwa chuma kinapokutana na maji na hewa. Chumvi huongeza mbio za kazi hiyo, kwani huvuta unyevu, na maji yenye chumvi hula chuma kwa kasi kuliko maji matupu. Hapa petu bahari imetuzunguka, upepo huleta chumvi mpaka milangoni, masika na vuli hunyesha kwa wingi, na udongo wetu wa vilima hunata chini ya madigadi ukakaa na umaji siku nyingi. Gari ichukuayo samaki huongezewa juu ya hayo maji ya barafu yenye chumvi, yakidondoka sakafuni kila siku.

Kutu hiyo haianzi pale jicho linapoiona. Huanza ndani: chini ya milango, katika mikunjo ya madigadi, katika vizingiti vya mlango na chini ya mazulia. Siku ionekanapo juu kama kipele kidogo, chini yake mara nyingi pameshaliwa pakubwa.

YALIYONISIBU MIMI

Nasema haya si kwa kusoma tu. Nilikuwa na kigari cha mizigo, na mwishoni mwa masika moja niliona vipele chini ya mlango wa kushoto na kizingiti chake. Nilifanya haraka. Nilikwangua kidogo juu juu, nikajaza puti mpaka pakawa sawa, na siku ya pili, hali mvua ilikuwa imeanua saa ile ile, nikapuliza praima. Pakapendeza. Fedha za rangi ya juu sikuwa nazo, nikasema nitaipaka mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa mwezi mwingine, na gari ikenda na praima yake ya kijivu mpaka vuli ikapita.

Kisha nikapata haja ya kuiuza. Nikainunulia rangi, nikaipaka, ikawa kama mpya. Jirani yangu, mwalimu wa chuo, akaja kuitazama, naye alikusudia kuwachukulia wanawe na watoto wa jirani. Tukapatana bei, imebaki kuhesabiana tu.

Katika kusimama pale akapita mzee mmoja, fundi wa majahazi tangu ujana wake. Alisalimu, akaizunguka gari, akagonga kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, kama agongaye ubao wa chombo. Alipofika katika kile kizingiti akasita, akagonga tena.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "hapa pamejibu vingine."

Nikamwambia, "Mzee wangu, hapo nilitia puti kidogo."

Akatoa kisu chake, akanitazama kama aniombaye ruhusa. Sikuwa na la kusema. Ncha ya kisu iliingia bila ya kusukumwa, na pande la puti, pamoja na praima na rangi yangu nzuri, likaanguka chini kama lipu la ukuta uliolowa. Nyuma yake bati lilikuwa tundu tupu. Mwalimu hakusema neno. Nami, wallahi, niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu, kwani nilijua kwamba mimi nilikuwa na khabari ya kutu ile, na yeye hakuwa nayo.

Mzee akaniuliza, "Jahazi likipandishwa pwani, twaanza na shahamu na chokaa?" Nikamwambia la, kwanza hukwanguliwa ukoga na makombe, huchomwa kwa makuti, hukaushwa, na mbao mbovu hutolewa. "Basi," akasema, "gari nayo ni chombo."

NAMNA YA KUIFANYA KAZI

Haya ndiyo niliyoyafuata mara ya pili, kwa nasaha ya mafundi waaminifu.

Kwanza, kuosha. Ioshe gari kwa sabuni na maji matamu, khasa chini ya madigadi na ndani ya milango. Chini ya kila mlango mna vitundu vya kutolea maji. Vizibue kwa kijiti. Kisha iache ikauke barabara.

Pili, kuondoa mafuta, na hili litangulie msasa. Ukipiga msasa juu ya mafuta utayasukumia ndani ya mikwaruzo, na praima haitashika. Chukua vitambaa viwili safi: kimoja kiloweshe dawa ya kuondolea mafuta, na cha pili kikavu kifuate nyuma yake kabla dawa haijakauka. Ukitaka kujua kama bati limetakata, linyunyizie maji kidogo. Yakitandaa yote, limetakata. Yakijikusanya matone kama yafanyavyo juu ya jani la jimbi, mafuta yangalipo. Ukimaliza kujaribu, lifute na ulikaushe.

Tatu, kutu. Iondoe kwa brashi ya waya na msasa mkali, mathalan namba 80, mpaka bati ling'ae, na uvuke mpaka wa kutu hadi ufikie rangi nzima. Kisha lainisha kwa namba 180 na 240, mpaka ukipitisha kidole usihisi ngazi baina ya bati na rangi ya zamani. Vidoa vyeusi vilivyozama katika vishimo vitie dawa ya kugeuza kutu. Dawa hizo aghlabu zina asidi ya fosforasi, au zina tanini, ambayo ni jamaa ya ile ipatikanayo katika magome ya mikoko yetu; huibadili kutu ikawa kitu kigumu kisichoendelea kula. Fuata maelezo ya chupa, na kama yanaamuru kusuuza, suuza na ukaushe. Ndimu na siki pia huyeyusha kutu ndogo, lakini asidi ikiachwa chini ya rangi itaunguza kazi yako.

Na palipotoboka, dawa yake ni kukata bati bovu na kuchomelea jipya. Puti si bati. Vizingiti na sakafu ni mifupa ya gari. Ndivyo vimshikavyo abiria siku ya ajali, Mwenyezi Mungu atuepushe nayo. Mwenye kuziba tundu la mahali hapo kwa puti ameficha hatari, hakuitengeneza gari.

Nne, puti. Kazi yake ni kusawazisha kibonyeo tu, kwa unene wa milimita chache, juu ya mahali pakavu pasipo kutu. Puti hunywa maji. Usiipige msasa wa maji, wala usiiache wazi ikalala na umande.

Tano, kuziba. Vioo, taa, mipira na vitasa vifunike kwa karatasi na utepe wa gundi. Magazeti yafaa, lakini tahadhari na karatasi zenye Aya za Mwenyezi Mungu au majina Yake matukufu, yasije yakapakwa rangi na kutupwa jaani.

Sita, kuchagua siku. Hapa ndipo tunapokosea wengi. Thina, yaani maji ya kuzimulia rangi, irukapo hewani hulipoza bati. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hugandama juu ya rangi ingali mbichi, nayo ikafanya weupe kama ukungu na kukosa nguvu ya kushika. Kanuni itumiwayo na mafundi wa nchi nyingi ni kutopuliza unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, na bati liwe na joto la kupita kiwango cha umande kwa digrii 3 za Selsiasi au zaidi. Asiye na vipimo achague miezi mikavu, Januari na Februari au kuanzia Juni hadi Septemba. Afanye kazi kuanzia saa nne asubuhi, umande ukisha kuondoka, na amalize saa tisa alasiri. Afanye kivulini, kwani bati lililochomwa na jua huikausha praima kabla haijatandaa. Na upepo ukivuma kwa nguvu, kusi au kaskazi, aahirishe.

Saba, kupuliza. Ikoroge praima mpaka chini ya kopo, kwani uzito wake hukaa chini. Soma maelezo ya kopo kuhusu vipimo, wala usichanganye praima za namna mbili kwa kukisia. Ziko zenye asidi, ziko za epoksi, na ziko za kujazia mikwaruzo, na kila moja ina masharti yake. Lishike bomba la kupulizia umbali wa sentimita 20 hivi, liende sambamba na bati bila ya kuinama. Anza kufyatua kabla ya ukingo na uache baada ya ukingo, na kila mstari ufunike nusu ya mstari uliotangulia. Praima nyepesi mara mbili au tatu, kwa kungoja dakika 10 hadi 15 baina yake, ni bora kuliko nzito mara moja. Nzito huchuruzika, na hukauka juu hali chini ni mbichi.

Nane, kulainisha. Ikikauka sawasawa, rashia juu yake vumbi jepesi la rangi nyeusi, kisha piga msasa namba 320 au 400 uliofungwa katika kipande cha ubao. Weusi ukibaki mahali, hapo pana bonde. Ukiona bati linang'aa, hapo umevuka mpaka, rudia praima. Kisha futa vumbi lote.

Tisa, na hili ndilo lililoniangamiza mimi: usitembelee gari katika praima. Praima nyingi zina vitundu visivyoonekana kwa jicho, na hunywa unyevu mithili ya mtungi wa udongo. Mvua hupita ndani yake ikalifikia bati, na kutu ikaota chini kwa raha, imefunikwa. Asiye na fedha za rangi ya juu asianze kuikwangua gari. Na angoje mpaka vitu vyote viwili viwe mkononi.

AFYA YA NYUMBA NA HAKI YA JIRANI

Kazi hii hufanyika nyumbani, na nyumbani mna mama watoto, watoto wachanga, na jirani ambaye nguo zake ziko kambani. Kumdhuru mtu hakuruhusiwi katika dini yetu, awe karibu au mbali.

Vumbi la rangi za zamani huenda likawa na risasi, nayo ni sumu ya akili za watoto hata ikiwa kidogo. Rangi ya zamani usiipige msasa mkavu; ilowe kwanza, isipokuwa penye puti. Kusanya vumbi kwa kitambaa chenye maji, usifagie. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na mikono ioshwe kabla ya kula na kabla ya kumpakata mtoto.

Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi kidogo, lakini hakizuii moshi wa thina. Kwa moshi huo hutakiwa barakoa yenye vichujio vya mkaa. Ama praima za makopo mawili zichanganywazo na kigumishi, nyingi katika hizo zina isosianati, kitu ambacho huweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na mafundi wa viwandani huzipuliza wakivuta hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Hizo usizipulize nyumbani. Nunua ya kopo moja, au mpelekee fundi mwenye chumba na vifaa.

Na moto. Moshi wa thina ni mzito, hutambaa chini, na hushika moto kwa cheche moja. Seredani, sigara na jiko la gesi ziwe mbali. Watoto waondolewe, na jirani aarifiwe tangu jana yake, apate kuanua nguo zake na kufunga madirisha.

Jambo jingine lihusulo ibada. Rangi na praima zikigandama juu ya ngozi na kucha huzuia maji yasifike, na udhu hautimii mpaka ziondoke. Mwenye kupuliza alasiri na ajipe nafasi kabla ya magharibi. Glavu humpunguzia taabu. Na palipogandama, mafuta ya kula pamoja na sabuni hutosha mara nyingi. Kunawa kwa thina hukausha ngozi na kupenyeza sumu mwilini.

GARI IKIUZWA

Tumesoma katika Sahihi ya Muslim kisa cha Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alipopita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umaji. Mwenye nafaka alitoa udhuru kwamba ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu, watu wakaiona. Kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Nafaka ile haikuharibiwa na mwenyewe, mvua iliinyeshea. Kosa lake lilikuwa kuiweka kavu juu na mbichi chini. Je, puti na rangi juu ya tundu la kutu, vyatofautianaje na hayo? Na wanavyuoni wameeleza kwamba mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo kabla ya kununua naye hakuijua, ana khiari ya kuirudisha bidhaa.

Kupaka rangi gari kabla ya kuiuza si haramu, na kuipamba bidhaa si kosa. Kosa ni kutumia rangi kuwa pazia.

Mimi, baada ya siku ile, niliikata ile sehemu mbovu, nikachomelea bati jipya, nikangoja Juni, nikaifanya kazi kama nilivyoieleza. Kisha nikamwendea mwalimu nikamwambia: hapa pamekatwa, hapa pamechomelewa, hapa pana puti ya unene wa kucha, na pale penginepo sikupagusa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita yule mzee aje agonge. Mzee akagonga kizingiti chote, kutoka mbele hata nyuma, akatikisa kichwa kwa ridhaa, akenda zake msikitini.

Bei niliyoipata ilipungua kuliko ile ya kwanza. Lakini kila asubuhi gari ile inapopita mbele ya nyumba yangu imejaa watoto, mimi huitazama bila ya kuinamisha uso.

Wabillahi tawfiq.